Kabla ya kung'oa injini ya Land Rover, zungusha magurudumu



Kila baada ya mavuno nasikia wimbo uleule: "Land Rover yetu inakula mafuta, tuuze mahindi tuweke injini nyingine." Napinga. Gari la zamani likinywa mafuta, mara nyingi wa kulaumiwa si uzee wake bali uzembe wetu. Na hasara haiishii kwa mwenye gari. Inaongezwa kwenye nauli ya kila gunia, na anayelipa ni mkulima.

Nazungumzia Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985. Anza chini, si juu. Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu mengine kwa mawe, weka gia huru, achia breki ya mkono, kisha inua gurudumu mojamoja kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Yatakuwa mazito kidogo kwa sababu yanazungusha difu. Likikwama, breki zinasugua: legeza boliti ya kurekebishia iliyo nyuma ya gurudumu, kisha kanyaga breki uhakikishe bado zinashika. Likinguruma, kagua beringi.

Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Dereva anayepunguza upepo ili apite mchangani anafanya sawa. Anayesahau kuurudisha anatupa fedha zenu barabarani. Vilevile, Series haina difu ya kati. Ukiacha kitufe cha njano kimebonyezwa kwenye barabara kavu na ngumu, ekseli za mbele na za nyuma zinashindana, mafuta yanaungua na gia zinaumia.

Sasa injini. Kwa ile ya petroli ya lita 2.25, fuata mpangilio: tapeti milimita 0.25, kisha plagi, pointi kati ya milimita 0.35 na 0.40, halafu taiming. Kabureta ni ya mwisho. Fundi anayeanza na bisibisi kwenye kabureta kabla ya kugusa mengine anabahatisha kwa fedha yako. Na anayetoa kichujio cha hewa "ili injini ipumue" mfukuze: vumbi la njia zetu litasaga pistoni na silinda. Kioshe, badilisha oili yake, kirudishe.

Wapo watakaosema injini yao imechoka kweli. Inawezekana. Basi ipimwe kompresheni. Ikiwa ya chini kwenye silinda, hata baada ya kurekebisha tapeti, marekebisho haya hayataifufua, na hapo kikundi kijadili injini kikiwa na ushahidi mkononi.

Dawa ya bei rahisi kuweka gia huru mteremkoni siitaki kabisa. Lita unayookoa hapo haitoshi kununua jeneza.

Mwisho, pimeni. Jazeni tangi hadi shingoni, nendeni mnadani na mzigo uleule kwa njia ileile, rudini, jazeni tena na muandike lita zilizoingia. Fanyeni hivyo kabla ya matengenezo na baada yake. Lita zikipungua, nauli ya gunia nayo ipungue. Mwenye gari akikataa kuonyesha daftari, mkulima, usikubali kupandishiwa nauli kwa kisingizio cha gari bovu.