Mwacheni mtoto atazame sataranji

Niliahidi kwamba leo ningeendelea na ile habari ya hifadhidata. Itangoja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu simu iliyofungiwa kabatini kule Voi.

Simu ni ya dadangu, lakini aliyekuwa akiitumia zaidi ni mpwa wangu, msichana wa miaka kumi. Mtoto huyu amejifunza sataranji kwa kuwatazama watiririshaji, yaani wale wachezaji wanaocheza moja kwa moja mtandaoni huku wakizungumza na watu wanaowatazama. Nyumbani hakuna aliyemfundisha. Mamake hajui hata farasi anavyoruka. Mimi najua kidogo, lakini niko Nairobi na namwona Krismasi na Pasaka tu.

Likizo iliyopita tulimpeleka Mombasa kwenye shindano la watoto. Alicheza michezo mitano, akashinda miwili, akapoteza mitatu. Katika mmoja aligusa farasi, akamwacha, akataka kusogeza askofu. Mpinzani akainua mkono. Kwenye sataranji ya mezani, kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza lazima uicheze, na mtoto wa simu angejulia wapi hayo? Mchezo mwingine alikuwa mbele kwa ngome nzima, lakini alisahau kubonyeza saa kila alipocheza. Dakika zikayoyoma zikaisha. Wa tatu alipigwa kihalali na kijana aliyemzidi, sina neno hapo.

Basi kocha mmoja aliyekuwepo (simtaji, na hata nikimtaja haitasaidia) akamwambia dadangu: "Mama, huyu ni mtoto wa YouTube. Anajua majina ya Sisilia na sijui nini, lakini sataranji hajui. Mnyang'anye hiyo simu mwaka mzima, halafu umlete afundishwe vizuri."

Umlete wapi? Kutoka Voi hadi Mombasa ni karibu kilomita 150. Hilo kocha hakulijibu. Usiku huohuo simu ikaingia kabatini, na ufunguo ukaingia kwa leso ya dadangu.

Haya. Sasa ninaomba nafasi ya kubishana na kocha.

Sisi wenyewe tulijifunzaje?

Wewe unayesoma haya, kama umelelewa Kenya, drafti ulifundishwa na nani? Mimi sikufundishwa na mtu. Nilisimama nyuma ya wazee pale kwenye stendi ya matatu, ubao umechorwa kwa mkaa, kete ni vifuniko vya soda, vingine vimelala kifudifudi na vingine chali. Sheria ilikuwa moja: mtoto akifungua mdomo, anafukuzwa. Nilitazama miezi na miezi. Niliwasikia wakitaniana, wakitishana, wakieleza kwa nini fulani ni mjinga kula kete ile. Kumbe nilikuwa darasani.

Kazi ninayoila leo pia niliianza hivyohivyo. Mwaka 2004 nilikuwa nalipa shilingi moja kwa dakika kwenye saiba, nafungua ukurasa ninaoupenda, kisha natazama msimbo wake ulioko nyuma. Sikuelewa theluthi mbili ya niliyoyaona. Nilinakili kwenye daftari, nikaenda nyumbani, nikayatafuna. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi ni mtayarishaji wa programu wa bandia kwa sababu nilianza kwa kuchungulia.

Fundi wa jua kali huanza kwa kumtazama fundi. Msusi huanza kwa kumtazama msusi. Mbona ikifika sataranji, kutazama kunakuwa dhambi?

Kitabu hakisemi kilichokataliwa

Kocha alisema pia kwamba wao walijifunza kwa vitabu. Vizuri sana. Nami navipenda vitabu. Lakini kitabu cha sataranji cha kawaida hukuonyesha hatua bingwa aliyoichagua, na mara nyingi hakikuonyeshi zile tano alizozifikiria akazitupa, wala pale alipoogopa, wala pale alipohesabu vibaya akajirudi. Kwa mtoto anayeanza, hizo tano zilizotupwa ndizo somo lenyewe.

Mtiririshaji mzuri anafikiri kwa sauti. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Mfano wangu ni Grandimasta Daniel Naroditsky wa Marekani. Alikuwa akifungua akaunti mpya yenye alama za chini kabisa, kisha anapanda ngazi mchezo baada ya mchezo, anacheza na wanaoanza, halafu na wa wastani, halafu na wakali, na kila hatua anaeleza: huyu anataka nini, mimi naogopa nini, nikicheza hivi atajibu vipi. Mchezo ukiisha anaurudia polepole na kuonyesha mahali ulipoharibika. Huyo ni mtu aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 2010 akiwa na miaka 14, kwa hiyo msiniambie kwamba hakuvijua vitabu.

Naroditsky alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 29. Mpwa wangu alinipigia simu jioni na kitu cha kwanza alichosema ni, "Anko, sasa nani atanifundisha?" Hakuwahi kukutana naye. Mtu huyo hakujua kama Voi ipo. Lakini mtoto hawezi kumlilia mwalimu hivyo kama hakufundishwa kitu.

Tena kuna ushahidi wa mezani. Ule mchezo alioshindwa kwa saa, farasi wake aliingia katikati ya wapinzani na kumshika mfalme na ngome kwa mpigo mmoja. Tukiwa kwenye gari kurudi nilimuuliza aliionaje. Akaniambia, "Nilijiuliza yeye anataka nini. Halafu nikajiuliza, nikimwacha afanye, mimi napata nini?" Hiyo ndiyo sataranji, kocha. Kubonyeza saa kunafundishwa kwa dakika kumi. Hilo swali la kwanza wako watu wazima wanaocheza miaka ishirini bila kulijua.

Pale kocha ana haki

Sitaki kuwa mbishi wa kipofu. Kuna kitu kwenye hizi video kinachowaharibu watoto, na kama mtu wa programu naweza kukionyesha kwa kidole. Ni ule mstari wa wima pembeni mwa ubao, nusu mweupe nusu mweusi, unaopanda na kushuka.

Nyuma ya mstari ule mara nyingi kuna injini kama Stockfish, programu huria iliyoanza mwaka 2008, ambayo ina nguvu kuliko binadamu yeyote. Inapitia mamilioni ya misimamo, kisha inatoa namba moja: nani yuko mbele na kwa kiasi gani. Namba yenyewe ni nzuri. Shida ni wakati inapofika. Mtoto anaona mstari umeruka, anajua papo hapo kwamba kuna kitu kizuri mahali fulani, na sasa anakitafuta akijua kipo. Mezani hakuna anayekukonyeza kwamba "sasa angalia vizuri". Kujua ni lini usimame ufikirie ni nusu ya mchezo, na mstari ule unamnyang'anya mtoto nusu hiyo.

Tena mstari unamfanya mtoto wa miaka kumi amcheke Magnus Carlsen. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Amekosea!" Nikamuuliza amekosea nini. Kimya. Alikuwa amesoma jibu bila kusoma swali.

Lakini je, dawa yake ni kufungia simu kabatini? Dawa ni kipande cha karatasi! Nilikata karatasi pana kama kidole, nikaibandika kwenye kioo pale mstari unapokaa. Ndani ya wiki mbili akaanza kusimamisha video mwenyewe, anasema hatua yake, halafu anaendelea kuona bingwa alifanya nini. Gharama ni sufuri.

Mengine kocha ana haki pia. Gumzo la watazamaji lina matusi, lifungeni. Michezo ya dakika moja ni burudani kwa mwenye kujua na sumu kwa anayejifunza. Na bando ni pesa: saa moja ya video hula mamia ya megabaiti, ilhali mchezo mzima wa hatua 40 ukiuandika ni herufi chini ya elfu moja. Kwa hiyo tazama mmoja, kisha uandike kwenye daftari na uurudie ubaoni mara tano. Mtoto atajifunza kuandika hatua, jambo ambalo pia lilimtatiza Mombasa, na bando litapona.

"Mbona Katwe hakukuwa na YouTube?"

Hili nalo niliambiwa. Kwamba Phiona Mutesi alitoka mtaa wa Katwe, Kampala, akafika Olimpiadi ya sataranji mwaka 2010, na hakumtazama mtiririshaji yeyote.

Kweli kabisa. Lakini Katwe kulikuwa na Robert Katende. Alianza kuwafundisha watoto pale mwaka 2004, akawapa ubao na kikombe cha uji. Nionyesheni Katende wetu hapa Voi, na mimi mwenyewe nitaizima simu!

Sasa mtazameni mtoto mwingine, Faustino Oro wa Argentina. Mwaka 2020 korona imewafungia watu nyumbani, babake akamfungulia akaunti ya sataranji mtandaoni ili apate la kufanya. Mwaka 2024, akiwa na miaka 10, akawa Masta wa Kimataifa, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Kioo kilimfungulia mlango. Lakini hakikumfikisha peke yake: wazazi walimtafutia walimu, na familia ikahamia Uhispania ili apate mashindano.

Mmoja alianzia kwenye ubao, mwingine kwenye kioo. Wote wawili walikuwa na mtu mzima pembeni.

Na hapo ndipo ninapowageukia watu wazima wenzangu, mimi nikiwa wa kwanza. Kule kwenye stendi nilipotazama drafti, siku moja mzee mmoja aliitwa na makanga, gari lake limejaa. Akainuka, akaniangalia, akasema, "Wewe kijana, kaa hapa." Nilipigwa vibaya sana siku hiyo. Lakini nilikaa. Kutazama kwangu kote kulikuwa kunangoja kile kiti.

Mbele ya kioo, kiti hakiachwi wazi. Mtiririshaji hawezi kuinuka na kumwambia mtoto wa Voi kaa hapa. Hana namna. Yeye amefanya sehemu yake, tena mara nyingi bure, kwa mtoto asiyemjua. Sehemu iliyobaki ni yetu, na hatujaifanya. Halafu mtoto akifika Mombasa hajui kubonyeza saa, tunamlaumu mtu aliyeko Marekani. Aibu gani hii?

Basi tufanye nini?

1. Ubao. Ubao wa plastiki wa kukunja hauna haja ya kuwa ghali. Ukikosa, chora kwenye katoni, na vifuniko vya soda viandikwe kwa kalamu. Kanuni ya kugusa kete ianze siku ya kwanza.

2. Mtu wa kucheza naye. Si lazima awe bingwa. Mjomba anayepigwa kila Jumapili anatosha. Mimi napigwa.

3. Mahali pa kucheza pasipo na gharama. Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ni ya bure kabisa, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Injini yake ya uchambuzi inazimika kwa kubofya mara moja. Izimeni kwanza, mtoto achambue mwenyewe, kisha iwasheni kuhakiki.

4. Karatasi pana kama kidole. Mnajua ya nini.

5. Na makocha, tafadhali: mtoto wa YouTube akija kwenu, msimcheke. Amesafiri mbali peke yake. Muulizeni anafikiri nini kabla ya kumwambia anakosea nini.

Wiki jana nilituma ubao na saa ya kuchezea kwa basi la usiku. Nimekubaliana na mpwa wangu kwamba kila Jumapili saa tisa tutacheza mchezo mmoja mrefu, yeye na ubao wake na mimi na wangu, tukitajiana hatua kwa simu ya mulika mwizi ya nyanyake. Jumapili iliyopita alinimaliza kwa hatua 31, na kila alipocheza nilisikia saa ikibonyezwa, *ta*.

Lakini simu nyingine bado imo kabatini. Dada, najua huwa unasoma hapa hata kama unasema husomi. Ufunguo uko kwenye leso. Mtoto ana ubao sasa, ana saa, ana mtu wa kumpiga. Mrudishie mwalimu wake.

Tuonane wiki ijayo. Hifadhidata, naapa.