Shauri la wiki: Kinga, bidoni na mtoto anayezisukuma



Juma lililopita mtoto wa mmoja wetu, kijana wa miaka 13, alianguka na kinga akitoka ziwani. Alikuwa amepakia bidoni nne za lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi alisukuma kilo 80, kupita uzito wake mwenyewe. Bidoni ya juu ilimwangukia mguuni. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, lakini masomoni hajarudi. Tulipokaa naye akatuambia neno lililotunyamazisha: tangu asubuhi alikuwa amefikisha maji nyumba tano, na yeye hakunywa hata kikombe.

Hapa Vitshumbi tunaishi ndani ya mbuga ya Virunga. Kulima haturuhusiwi. Unga na maharagi vinatoka mbali, na maji wengi wetu tunayachota Ziwa Edward. Bila kinga tungebeba vyote mgongoni. Basi tusiwaachie watoto peke yao kazi ya kujua namna ya kupakia.

Mtoto apewe bidoni mbili, moja kila upande, zining'inie chini karibu na gurudumu. Mzigo wa juu ndio unaoangusha. Bidoni ijae mpaka shingoni, kwa sababu maji yanayochezacheza ndani huyumbisha kinga. Funga kwa mpira wa ndani uliokatwa. Huvutika na kubana kuliko kamba ya nailoni. Mwenye mzigo asipande, asukume. Akifika, mtu mmoja ashike usukani na mwingine apakue. Ukitoa upande mmoja bila mtu kushika, kinga inalala.

Kabla ya kutoka, tuangalie breki na upepo wa magurudumu. Na tusiwatume watoto ziwani giza likiingia, wala kabla hakujakucha. Kiboko anapanda kula majani saa hizo, na sote tunajua anavyofanya mtu akimkatia njia ya kurudi majini.

Kuna jambo la bidoni zenyewe. Iliyobeba esansi ya motere ya mtumbwi haiwi tena ya maji, hata ukiisugua na mchanga. Za maji tuzitie alama ya rangi. Zifungwe kwa kifuniko chake, si kwa jani wala kipande cha mfuko. Maji ya ziwa yana kipindupindu: yachemshwe, au yatiwe klori kwa kipimo ulichoelezwa na mhudumu wa afya, kisha yakae dakika 30 kabla ya kunywa.

Sasa turudi kwa kiu ya yule kijana. Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya dunia ya kinga ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaoshindana huko hufunga chupa ndogo kwenye chuma cha kinga na kunywa kidogokidogo njiani, wasingoje kiu. Wao hawana mzigo. Mtoto wetu ana kilo 40 nyuma na jua kichwani. Tumfungie chupa yake ya maji safi, ile asiyoiuza. Akiwa mbali na nyumbani na kiu imemkaba, atakunywa ya ziwa, na hapo ndipo ugonjwa unapoingia.

Akiharisha, usingoje. Lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Anywe njiani mkimpeleka kituo cha afya.

Kwenye mkutano wetu ujao, kila mwenye kinga aje nayo. Tutafunga mizigo pamoja, na watoto waje waone. Tena tupatane bei ya bidoni moja, ili mtoto asilazimike kupakia nne kwa kutafuta franka za daftari.

Tubaki salama.