Pilipili ya Ladha, Si ya Kukomoana



Mimi ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Biharamulo, Kagera. Nashona nguo za harusi, na wateja wangu wengine wako Ngara. Bibi harusi akija kupimwa, mazungumzo hayaishii kwenye shela, hufika jikoni. Basi leo naseme wazi: pilipili ichaguliwe kwa ladha, si kwa kuwasha tu.

Nilijifunza kwa aibu. Siku yangu ya kwanza kupika ukweni nilitaka wajue nimetoka pwani. Nikapika ndizi na mchuzi wa sato. Nilikuwa na kichupa cha Akabanga, pilipili ya mafuta ya Rwanda, nilichonunua nilipopeleka nguo Rusumo. Ile hutiwa kwa matone, mimi nikaimimina. Baba mkwe akala matonge mawili, akanywa maji, akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Hakulaumu neno. Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia kasoro chakula: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Mzee alishika sunna, na sufuria karibu nzima ikarudi jikoni.

Kosa halikuwa la pilipili, lilikuwa langu. Kuwasha si ladha, ni maumivu ya ulimi. Kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana maji hayakumsaidia mzee. Maziwa yangemfaa.

Wapo wanaosema pilipili isiyowasha ni nyanya tu. Sawa, iwashe. Lakini moto ukipita, kibaki kitu mdomoni. Kwetu Unguja tuna pilipili ya ukwaju, ya embe bichi, ya ndimu. Urojo bila hizo si urojo. Pilipili mbuzi nayo, ukiinusa tu, ina harufu tamu kama ya tunda. Na siki tunayotilia, Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa kitoweo kizuri.

Ukienda dukani, soma kwanza kibandiko: kinachotangulia kuandikwa ndicho kilicho kingi. Ukifika nyumbani nusa, kisha onja kwa kipande cha ndizi. Ukiweza kutaja ulichokula, embe, ukwaju au thomu, hiyo ni yako. Ukihisi moto tu, kesho usiinunue tena.

Mimi siku hizi natengeneza yangu: pilipili mbuzi tatu, nimetoa mbegu na ule utando mweupe unaowasha zaidi, nyanya nne, thomu, ukwaju, siki na chumvi. Nasaga, nachemsha mpaka izito. Naiweka kwenye kibakuli pembeni, kila mtu ajitilie kwa kiasi chake. Mwenye vidonda vya tumbo anakula, na mtoto anakula.

Bibi harusi, usimpime mkwe wako kwa moto. Wangu sasa akikaa kula huuliza mwenyewe, "Ile ya ukwaju ipo?"