El Camino: Kapata Jina Jipya, Je, Kapata Toba?



Filamu ya El Camino ilitoka Netflix tarehe 11 Oktoba 2019, na mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2020, ikatolewa kwenye diski za DVD na Blu-ray ili mtu aimiliki nyumbani kwake. Kwa usiyeijua: ni hitimisho la tamthilia ya Breaking Bad iliyorushwa Marekani kuanzia 2008 hadi 2013, vipindi 62. Mwalimu wa kemia mjini Albuquerque anaambiwa ana saratani, anaamua kupika dawa za kulevya aina ya methamfetamini, na mshirika wake ni kijana aliyewahi kumfundisha, Jesse Pinkman. Tamthilia inakwisha mwalimu amekufa na Jesse anakimbia na gari. Gari hilo ndilo El Camino, na filamu inaanzia hapo.

Swali ninaloletewa ni lile lile: "Ustadh, inafaa kuitazama?" Jibu langu ni fupi. Imejaa matusi na damu, na diski si kitu cha kupita. Diski inakaa kabatini, mtoto anaikuta, jirani anaiazima, na wewe mwenyewe unairudia mara ya pili na ya tatu, unasikiliza hadi maelezo ya mwongozaji Vince Gilligan. Unachokirudia kinakulea. Kwangu haiingii. Hilo tuliache hapo, maana ninachotaka tukizungumze leo ni mwisho wake.

(Najua kuna atakayesema, "Ustadh, umeyajuaje yote haya?" Vijana wetu wanaishi humo, ndugu yangu. Tabibu asiyeujua ugonjwa atatibu nini?)

Jesse anataka kupotea. Yuko mzee mmoja, Ed, ana duka la mashine za kufyonza vumbi, lakini biashara yake ya siri ni kuwapa watu majina mapya na kuwahamishia mbali. Bei yake dola 125,000. Na kwa kuwa Jesse aliwahi kupangiwa safari akaikimbia, mzee anamdai na ile ya kwanza: jumla 250,000. Jesse anahesabu noti, zinapungua dola 1,800. Mzee hasamehi. Kijana anakwenda kuzitafuta hizo 1,800, na watu wawili wanakufa kwa risasi. Kisha anasafirishwa hadi Alaska, theluji kila upande, jina jipya mfukoni, na filamu inakwisha anaendesha gari kwa utulivu.

Watazamaji wengi wanashusha pumzi: alhamdulillah, kaokoka.

Nami nakuuliza wewe uliyeshusha pumzi: kaokoka na nini? Na polisi, naam. Lakini zile pesa zimetoka wapi? Kazichimbua kwenye nyumba ya Todd, muuaji, zimefichwa ndani ya mlango wa friji, na asili yake ni pesa za unga. Kainunua haramu kwa haramu, na ilipopungua kaijazia kwa damu.

Tuwe waadilifu. Kijana huyu amedhulumiwa kweli. Alitiwa shimoni, akafungwa mnyororo, akapikishwa kama mtumwa, na mwanamke aliyempenda aliuawa mbele ya macho yake. Moyo wa binadamu lazima umhurumie, na mimi namhurumia. Lakini hapo ndipo penye mtego. Filamu inakuhesabia kila anachodai, na karibu haikuhesabii anachodaiwa. Yuko wapi Gale, aliyepigwa risasi mlangoni kwake kwa mkono wa Jesse mwenyewe? Wako wapi wale wa kile kikundi cha waliokuwa wakijitahidi kuacha unga, ambao Jesse alijiunga nao ili awauzie? Hao ni wenye haki. Dakika 122 za filamu hazikuwapa nafasi.

Na la ajabu, tamthilia yenyewe ililijua jambo hili kuliko filamu yake. Alipouawa yule mtoto mwenye baiskeli, Jesse hakulala. Alitaka dola milioni 5 alizopata zigawanywe, nusu wapelekewe wazazi wa mtoto. Alipozuiwa, akazunguka usiku na gari akizitupa noti kwenye nyua za watu masikini. Fiqhi haimpi thawabu ya sadaka kwa mali ya haramu, lakini tazama dhamiri ilivyokuwa ikimchoma: alijua kwamba kuacha hakutoshi, kuna cha kurudisha. Kwenye filamu moto huo umezimwa. Kimebaki kibarua kimoja cha kumpelekea mtoto wa yule mwanamke aliyeuawa, basi.

Kuna tukio la nyuma, yuko na Mike kando ya mto. Jesse anasema akifika Alaska huenda akarekebisha mambo. Mike anamjibu kwamba hilo ndilo jambo moja asiloweza kulifanya kamwe. Maneno haya wengi wameyachukua kuwa hekima. Nusu yake ni kweli, aliyekufa harudi. Nusu yake ni sumu, kwa sababu kijana mwenye makosa akiambiwa hakuna kurekebisha, atabakiwa na njia mbili tu: kuendelea, au kujificha.

Sasa mkumbuke mtu yule aliyetusimulia Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Aliua watu 99. Akamwendea mtawa, akaambiwa huna toba. Akamuua naye, wakatimia 100. Akamwendea mwanachuoni, huyu akamwambia mlango uko wazi, ila ihame nchi yako mbaya, nenda kwenye nchi fulani ambako watu wanamuabudu Allah. Akafa njiani. Malaika wakapima masafa, akakutwa yuko karibu zaidi na nchi ya wema kwa shibiri moja.

Naye alihama! Lakini alihamia kwa watu wema, wamshike mkono. Jesse anahamia kusikojulikana sura yake. Na Robert Forster, aliyeigiza yule mzee wa kuficha watu, alifariki tarehe 11 Oktoba 2019, siku ile ile filamu ilipotoka. Simsemi marehemu kwa ubaya, alikuwa akifanya kazi yake ya uigizaji. Ila tafakari: kuna safari ambayo hakuna wa kukubadilishia jina.

Nayasema haya kwa kuwa baina yenu mnaonisoma wapo waliowahi kuuza. Umeacha, umehama mji, umefuga ndevu, watu wanakuita shekhe. Alhamdulillah. Imam Nawawi ameyataja masharti ya toba: uache, ujute, uazimie kutorudia, na ikiwa kuna haki ya mja, umrudishie. Hili la nne ndilo tunalolikimbia. Kama Ed hakusamehe dola 1,800, yule mama ambaye mwanawe ni teja kwa mzigo wako atakusamehe nini Siku ya Kiyama, wakati hata kumwomba radhi hujamwomba?

Mali uliyoichukua kwa mtu, irudishe. Kama amekufa, warithi wake wapo. Kama humjui wala hapatikani, itoe kwa masikini kwa niaba yake. Pesa ya unga iliyobaki usiijengee, iondoe mkononi. Na kama kwenda kukiri kwa mtu kutazusha fitina ya damu, usiende kabla hujakaa na mwanachuoni wa mji wako.

Mwenye suala lake la namna hii asiliandike hapa chini hadharani. Allah amekusitiri, usijifichue. Nitumie ujumbe wa faragha, nami nitakujibu baada ya Isha inshaallah.