Chandarua Kirudi Kitandani
Mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone pale Ujiji, Kigoma, mwaka 1871, wote wawili walikwisha kuteswa na homa bila kujua inatoka wapi. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipovikuta vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Sisi tunajua. Hata hivyo, kando ya Ziwa Tanganyika vyandarua vyenye dawa vimegeuzwa nyavu, vinazoa hadi vidagaa vichanga, na dawa yenyewe ni sumu kwa samaki. Naielewa njaa ya mvuvi. Lakini mbu wa malaria huuma usiku, na utafiti wa taifa wa 2017 uliiweka Kigoma juu kabisa nchini kwa malaria ya watoto wadogo. Mzazi mwenzangu, jioni hii kitundike chandarua, uchomeke pindo zake chini ya godoro.