Huduma ya Simu Ianzie kwa Wakala wa Kijijini

Mwaka 2009, askari polisi wa Jalrez, katika mkoa wa Wardak nchini Afghanistan, walianza kulipwa mishahara kwa simu kupitia M-Paisa. Baadhi yao walidhani wameongezewa mshahara. Hawakuongezewa hata senti. Ndiyo kwanza walikuwa wanapata stahiki yao yote, maana zamani fedha zilipita mikononi mwa wakubwa na karibu asilimia 30 ikaishia njiani. Kamanda mmoja aliyekosa mgawo wake aliwanyang'anya askari laini zao za simu, akaenda mwenyewe kwa wakala kujaribu kutoa mishahara yao.

Kamanda huyo alielewa jambo ambalo wataalamu wengi wa serikali mtandao hulipita. Katika nchi isiyotulia, mwananchi wa kijijini hanufaiki na simu kwa sababu ni teknolojia mpya. Hunufaika inapomwondoa mtu aliyekaa katikati yake na haki yake.

Kwa hiyo programu za simu janja zenye nembo ya wizara, ambazo wahisani huzipenda sana siku ya uzinduzi, haziwafai wengi. Mkulima ana kitochi, huenda kukichaji sokoni kwa kulipia, na pengine hajui kusoma. Waliobuni M-Paisa walilizingatia hilo: waliweka sauti ya kumwongoza mteja kwa Kidari na Kipashto. Barani Afrika kazi hiyo hufanywa na nyota na reli (* na #), menyu ile ile ambayo bibi wa Afrika Mashariki anaijua kwa vidole.

Sierra Leone ilijifunza kwa uchungu. Novemba 2014, Ebola ikiwa imepamba moto, wazikaji wa Kenema waligoma kwa kutolipwa posho, wakaacha maiti nje ya hospitali. Serikali na washirika wake wakageukia malipo ya simu kwa wahudumu wa Ebola. Muda wa kusubiri fedha, uliokuwa zaidi ya mwezi, ulishuka hadi takriban wiki moja, na zaidi ya dola milioni 10 ziliokolewa. Lakini kwanza ilibidi orodha isafishwe: nani yupo kazini, nani ni jina tu, nani ameandikwa mara mbili. Kazi hiyo ya makaratasi haina mvuto wowote, na ndiyo iliyofanya simu iwe na maana.

Halafu kuna fedha zenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza mwaka 2011 kuwalipa watumishi wa umma kupitia benki, hatua nzuri dhidi ya watumishi hewa. Ila benki ziko mijini. Mwalimu wa kijijini alijikuta akifunga safari ndefu, kwa nauli inayokula mshahara, kwenye barabara zenye vizuizi vya watu wenye silaha. Simu ingeweza kumpunguzia adha hiyo, lakini kwa sharti kwamba wakala wa jirani awe na noti. Ujumbe wa kuthibitisha malipo haununui unga iwapo wakala hana kitu, au anakata makato ya ziada kwa kuwa yuko peke yake.

Vitambulisho navyo ni kikwazo. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mkongo wa kawaida. Aliyekimbia nyumba inaungua hana hata hiyo, na bila kitambulisho kusajili laini ni mtihani.

Tena mtandao wenyewe ni silaha. Taliban waliwahi kuzilazimisha kampuni kuzima minara usiku. Februari 2024, mawasiliano yalikatika karibu Sudan nzima, na familia zilizoishi kwa fedha za kutumiwa kwa simu zikakwama. Serikali inayohamishia kila kitu kwenye simu na kufunga dirisha la ofisi ya wilaya inamweka raia wake mikononi mwa yeyote mwenye uwezo wa kuzima mnara.

Mhisani anapokuja na mradi mwingine, waziri asiulize kwanza utazinduliwa lini. Aulize siku ya malipo wakala wa kijiji cha mwisho atapata wapi fedha taslimu, nani atapokea malalamiko kwa lugha ya kijiji hicho, na mtandao ukikatika watu watahudumiwa wapi. Asipojibiwa, asitie saini.