Kwenye orodha ya kazi, muko wangapi?

Mwisho wa mwezi karatasi ya mushahara ikifika nyumbani, wote tunaangalia chini tu: zimebaki franka ngapi? Leo tupande juu kidogo, kwenye mustari wa kodi. Hiyo ni kodi ya serikali juu ya mushahara. Kampuni inaikata yenyewe mbele ya kukulipa.

Sheria ya kodi ya tarehe 10 Februari 1969 iliwakumbuka wenye jamaa. Ilisema: kwa kila mutu unayemutunza, kodi ipunguzwe 2 kwa mia, mupaka watu 9. Tufanye hesabu kwa kipimo hicho. Kodi ni franka 50.000, bibi na watoto 4 ni watu 5, wanaondoa 10 kwa mia. Unalipa 45.000. Zile 5.000 ni makaye ya watoto.

Lakini sheria ilitaja watu wenyewe: bibi wa ndoa, watoto wasiooa wala kuolewa, na wazazi wenu wawili-wawili kama wanakaa kwenu, wote wasiokuwa na mapato yao ya kutosha. Mutoto wa ndugu yako marehemu, hata unamulisha kila siku, hakutajwa pale.

Hapo njo majaribu yanaanza. Mumoja anaandika kwamba mutoto wa ndugu yake amemuzaa yeye. Mwingine anaacha jina la mutoto aliyefariki. Mwingine anaandika mwanamuke wa inje, na mama wa nyumba hajui. Mupendwa, usifanye hivyo. Mutoto akikua na karatasi mbili zenye baba wawili, ataulizwa yeye, si wewe. Kama unataka awe wako mbele ya sheria, njia ni tribinali, si kalamu. Kama haiwezekani, umulishe vilevile. Upendo haungojei kupunguziwa kodi.

Wengine wanapoteza haki yao kwa uvivu tu. Sheria ya 2009 ya kulinda watoto ilitoa siku 90 za kuandikisha mutoto kwenye komini, bila kulipa. Ndoa ya desturi nayo iandikishwe. Kisha peleka karatasi hizo kwenye biro ya wafanyakazi, na uulize kipimo kinachotumika sasa.

Na wewe mama, uliza bila woga: «Baba, kwenye orodha ya kazi tuko wangapi?» Baba, usikasirike. Leta orodha, muisome pamoja.